Mifuko Kumi na Miwili ya Bi Maimuna

Kwenye kamba vilibaki vibanio kumi na viwili vitupu.

Inspekta Elieshi alisimama juu ya paa la ghorofa, Mchafukoge, akavihesabu tena. Mifuko mingine minane ya zipu ilikuwa bado inakauka juani.

"Wizi huo!" Bi Maimuna alifoka. "Mifuko mizito, nimeletewa kutoka Maskati! Kesho maulidi, visheti vya wageni nitie kwenye nini? Na mwizi namjua. Angelina!"

Angelina, dada wa kazi, alisimama mlangoni na begi lake. Alikuwa ameshafukuzwa.

"Ulipanda huku leo?"

"Sijapanda, afande. Nilikuwa nakuna nazi. Nazi sita!"

"Nani alikuona?"

"Angalia mikono."

Ilikuwa myeupe mpaka kwenye viwiko.

Inspekta alinusa kibanio kitupu. Samaki. Akanusa cha pili. Samaki. Akanusa mfuko uliobaki. Iliki.

"Mwizi huyu anachagua," alisema. "Mifuko hii aliiosha nani?"

"Mkwe wangu, Nasreen. Ana siku nne tu humu ndani."

Nasreen aliitwa.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Mifuko iko wapi?"

Binti alitazama hina ya miguuni mwake.

"Chini ya kitanda changu."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa na nguru mbichi. Nimeosha kwa sabuni mara tatu, kwenye zipu harufu haitoki. Ile ya visheti inaoshwa, inakaushwa vizuri, inatumika tena. Ya samaki mbichi, hapana. Wageni wangeumwa matumbo."

"Si ungesema?"

"Nimwambie mama mkwe mifuko yake si safi? Hata hina haijafifia! Niliposikia Angelina amefukuzwa nikataka kukiri, nikaishia ngazini."

Bi Maimuna alichukua kibanio kitupu, akanusa. Kisha akacheka mpaka kanga ikamdondoka.

"Na tende za shemeji Mrisho nilitia humo humo! Ndiyo maana alilala chooni!" Akafuta machozi. "Nasreen, siku nyingine niambie tu, mwanangu. Na wewe Angelina, nisamehe. Rudisha begi."

"Begi narudisha, mama. Nazi mbili zilizobaki utakuna mwenyewe."

Inspekta alipoaga, alipewa visheti kwenye mfuko wa zipu. Akaufungua, akanusa. Wanawake watatu wakakodoa macho.

"Iliki," alisema, akatia kimoja mdomoni.