Injinia Aliyeitwa Mkalimani

"Dada, samahani, unanizibia."

Ingrid Kamikazi alikuwa amesimama na sanduku lake kwenye mlango wa kutokea abiria, uwanja wa ndege wa Kanombe, Kigali, watu wakisukumana kukumbatia jamaa zao. Aliyesema hivyo alikuwa kijana mrefu, shati la bluu limepigwa pasi likanyooka. Alikuwa ameinua karatasi yenye jina, macho kayakaza kwa Wazungu waliokuwa wakitoka nyuma yake.

"Unamngoja nani?"

"Injinia kutoka Ubelgiji. Bosi kasema nimpokee kwa heshima."

"Basi anza hiyo heshima. Ni mimi."

Kijana akamtazama kuanzia viatu hadi nywele, kisha akacheka kwa aibu. "Pole sha, dada yangu. Jina nimelishika mwenyewe na bado nimekupita."

"Nimezoea."

Hakuwa anatania. Kule Liège, Ubelgiji, alikosomea na kufanya kazi, wateja walimpa makoti yao ayatundike. Hesabu za madaraja alizipiga yeye, lakini siku ya mkutano alisimama kuzieleza mwenzake mweupe aliyejifunza kazi kwake. Alipouliza, aliambiwa kwa upole kwamba wateja wanataka kutulia moyo. Ndipo akafunga mizigo. Kigali, alijiambia, wote wana rangi yangu. Watanibagua kwa lipi?

Kijana yule alikuwa Kenny Mugenzi, msimamizi wa ujenzi katika kampuni iliyomwajiri Ingrid, Mnyarwanda aliyekulia Mwanza. Ingrid alikulia Buyenzi, Bujumbura. Mjini Kigali kila aliyerudi kutoka ugenini amekuja na lugha ya kule alikokulia. Wao wawili walikutana kwenye Kiswahili, na humo wakapendana.

"Kiswahili chenu cha Buyenzi kina pilipili," Kenny alimchokoza kwenye simu.

"Na chenu cha Mwanza kimepoa kama sato wa jana."

"Njoo unipashe moto basi, chérie."

Wakaacha kazi kwa bosi, wakafungua ofisi yao mtaa wa Kacyiru, vyumba viwili juu ya duka la dawa. Ingrid achore, Kenny ajenge. Wateja walipanda ngazi, wakanywa chai, wakasifu michoro, kisha wakauliza lile lile, Wanyarwanda kwa wageni: "Na injinia mkuu atafika lini?" Akisema ni yeye, walitabasamu na kuahidi kupiga simu. Simu haikulia. Ofisi ikaanza kunuka njaa.

Kisha Mzee Mutabazi, mwenye zahanati huko Kibagabaga, akatangaza kwamba anataka wodi ya wazazi kwenye mteremko mkali. Ingrid aliukalia mchoro ule kama kuku juu ya mayai.

"Nikipata hii, Kenny, hawataniuliza tena injinia yuko wapi."

Siku ya mkutano alivaa suti ya kitenge cha njano na nyeusi. Alipoingia alimkuta Mzungu kwenye kiti cha mbele. Frederick, muuza mashine za kahawa, rafiki wa Kenny! Ile tai shingoni mwa Mzungu, Ingrid aliijua. Alimnunulia Kenny yeye mwenyewe.

"Kaa, mpenzi," Kenny alimnong'oneza. "Leo tu. Wakishakubali, utasema injinia ni wewe."

Hapo ndipo Ingrid alipokosea. Alikaa.

Kila swali alilijibu yeye, na kila jibu Mutabazi na wenzake walimwitikia Frederick kwa kichwa. Mwishowe mzee alimshika Mzungu mkono kwa muda mrefu, akamgeukia Kenny. "Na huyu mkalimani wenu ni hodari kweli. Msimwache."

Kazi waliipata. Nje mvua ilikuwa ikimwagika.

"Tumeshinda, chérie!"

"Tumeshinda nani na nani?"

"Usianze, Ingrid. Nilitaka tule."

"Kula nilikuwa nakula Ubelgiji. Hapa nilikuja nionekane."

"Nimefanya kwa kukupenda!"

"Najua. Ndiyo maana inauma."

Kesho yake alikwenda peke yake kwa Mutabazi, akamweleza yote. Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Binti yangu, mimi nakuamini. Lakini wenzangu wameshatulia. Mzungu awe anapita tu wamwone. Kazi ufanye wewe."

"Basi mzee, apite na hesabu zake." Akakunja michoro yake akaondoka.

Jioni Kenny alipiga simu, sauti imekauka. "Umetuua, Ingrid."

"Tafuta injinia mwingine. Weupe wapo."

"Mpenzi, nisikilize..."

Alikata. Kenny alipiga tena na tena wiki ile, mwishowe akaacha.

Ingrid akachukua kazi ambazo hakuna aliyezitaka: kuta za kuzuia udongo kwenye vilima, kule mvua inakobeba nyumba na wenyewe ndani. Tope lilimfika magotini. Mafundi walimwita Mama wa Ofisini mpaka masika yalipopita na kuta zikasimama. Wenye nyumba waliosalimika wakawaelekeza majirani kwake, majirani wakawaelekeza wengine. Miaka ikaenda. Akaajiri mafundi, kisha mainjinia. Kila kitu kilikua isipokuwa kicheko chake.

Hatimaye Mutabazi akamwita kupanua zahanati. Alimpokea mlangoni, akawaambia wenzake, "Huyu ndiye injinia." Hakuna aliyeuliza mwingine.

Mkutano ulipopumzishwa kidogo, Ingrid alitoka ukumbini. Kenny alikuwa koridoni, kaja kumtafuta, mvi zimeanza, shati likimpwaya.

"Umependeza," alisema.

"Wewe umekonda."

"Ningenenepa na nani?"

Wakacheka wote wawili, kile kicheko cha zamani.

"Nilikukosea," Kenny alisema. "Nipe ruhusa niwatume wazee kwenu wakakuombe. Nataka nikuoe, Ingrid."

Alitamani kukubali. Mdomo ulikuwa tayari umefunguka.

"Leo unaniona, Kenny, kwa sababu wengine wameshaniona."

"Si hivyo."

"Ni hivyo. Wale wote wangenikataa, ningevumilia. Ungeniona wewe peke yako, ingenitosha."

Kenny alitikisa kichwa taratibu, akashuka ngazi. Ingrid alisikiliza viatu vyake mpaka mlango wa chini ulipofungwa.

"Injinia, tunakusubiri," Mutabazi aliita.

Alijifuta uso, akaingia, akakaa kiti cha mbele. Alianza kueleza msingi. Sauti yake ilikwama mara moja tu, na wote mezani wakadhani ni mafua ya masika.