Tungule Ni Tungule

Zuwena ana miaka sita. Anakaa Wete, kisiwani Pemba, pamoja na Mama na Bibi.

Leo Zuwena amenuna. Midomo imemtoka mbele kama bata. Ngoja nikwambie kwa nini, na wewe utanuna.

Hapo awali Bibi alikuwa msemaji. Alisema tangu asubuhi mpaka jioni.

"Zuwena, viatu. Zuwena, mikono. Zuwena, shuka huko juu."

Jina hilo liliitwa mpaka kuku wakalijua.

Kisha Bibi akaugua. Mkono wake wa kulia ukalegea. Maneno yakakwama.

Bibi anataka maji, lakini mdomo unasema, "Kofia." Bibi anajua kuwa si kofia. Anatikisa kichwa. Anakasirika.

Daktari akasema, "Hii inaitwa afasia. Bibi anaelewa, na akili yake ni ile ile. Maneno ndiyo yanayochelewa."

Basi Zuwena akatunga wimbo mdogo. Anamwimbia Bibi kila siku.

*Neno limo, neno limo,*
*linachelewa tu.*

Lakini kuna neno moja Zuwena analisubiri kuliko yote. Ni jina lake. Tangu Bibi augue, hajalitaja hata mara moja.

Daktari akawapa mazoezi. Yamo ndani ya kishikwambi, yanakuja kwa intaneti. Picha inatokea, Bibi anaitaja. Akipatia, kengele inalia, ting! Akikosea, inalia sauti mbaya, pweee!

Bibi akavaa miwani. Akajifunga kanga yake mpya, kama mtu anayekwenda harusini. Zuwena akakaa mkekani, karibu naye.

Picha ikatokea. Ni kitu chekundu, cha mviringo, kina kikonyo cha kijani.

Bibi akakitazama. Jasho likamtoka.

"Tu..." akasema. "Tu... tu..."

*Neno limo, neno limo,*
*linachelewa tu.*

"Tungule," akasema Bibi.

Zuwena akapiga makofi, pa pa pa. Pemba, kitu hicho ni tungule. Sokoni ni tungule. Chunguni ni tungule.

Pweee!

"Si sahihi," kikasema kishikwambi. "Sema: nyanya. Jaribu tena."

Bibi akajaribu tena. "Tungule."

Pweee! Si sahihi. Jaribu tena.

"Tungule."

Pweee! Si sahihi. Jaribu tena.

Bibi akavua miwani. Akageukia ukutani.

Haki gani hiyo? Mtu ametoka jasho kwa neno moja. Neno zuri, neno la nyumbani kwake. Halafu kidude kisichojua hata kumenya kitunguu kinamwambia amekosea.

Mimi nasema si haki. Sema na wewe: si haki.

Zuwena akashika kiuno. "Wewe kishikwambi huna adabu," akasema. "Bibi amekula tungule kabla wewe hujatengenezwa."

Kishikwambi kikasema, "Jaribu tena."

Zuwena akachukua kawa la kufunikia chakula. Akakifunika, kup!

"Kaa humo," akasema.

Mama akaja kutazama. Hakumgombeza. "Jumamosi Mwalimu Shemsa atatupigia simu ya video," akasema. "Umwambie mwenyewe."

Mwalimu Shemsa ndiye mwalimu wa maneno. Yeye yuko Unguja, ng'ambo ya maji, lakini uso wake unaonekana kwenye kishikwambi.

Jumamosi ikafika. Zuwena akafunua kawa. Bibi alipokiona kishikwambi, akageukia ukutani tena.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Zuwena. Mbona umenuna?"

"Kishikwambi kimemwambia Bibi uongo." Zuwena akachukua tungule moja kapuni. Akaliinua juu. "Hili ni nini?"

Mwalimu Shemsa akalitazama. "Hilo ni tungule," akasema. "Hata kwetu Makunduchi ni tungule."

"Sasa kwa nini kinamlilia Bibi pweee?"

"Waliotengeneza mazoezi haya hawakutuuliza sisi wa huku," akasema Mwalimu. "Na mimi sikuyaangalia vizuri. Bibi, nisamehe. Wewe ulipatia."

Bibi akageuka kutoka ukutani. Akaitikia kwa kichwa, taratibu.

"Tutaweka picha zenu wenyewe," akasema Mwalimu, "na maneno yenu wenyewe. Lakini Zuwena, usimmalizie Bibi neno. Msubiri."

"Mimi kila siku namsubiri," akasema Zuwena.

Wakapiga picha. Tungule. Kawa. Mbuzi ya kukunia nazi. Picha ya mwisho ilikuwa ya Zuwena mwenyewe, anacheka, na jino moja la mbele hana.

Mazoezi yakaanza upya.

"Tungule." Ting!

"Ka... ka... kawa." Ting!

"Mbuzi." Ting!

Ikatokea picha ya Zuwena. Bibi akatabasamu. Akaipapasa kwa kidole.

"Kijiko," akasema.

Pweee!

Kijiko? Zuwena ni kijiko? Machozi yakamlenga. Bibi akatikisa kichwa. Alijua si kijiko. Akamshika Zuwena mkono, akaubana sana.

Zuwena akaimba, lakini kwa sauti ndogo.

*Neno limo, neno limo,*
*linachelewa tu.*

Baada ya kuswali Isha, Mama akazima taa. Bibi akalala kitandani kwake. Zuwena akalala kitandani kwake.

Lakini Zuwena hakulala. Alikuwa na kishikwambi ndani ya shuka.

"Tungule," akanong'ona. Ting!

Bibi akajigeuza.

"Kawa." Ting!

Bibi akakohoa, "Mmmh."

"Mbuzi." Ting! "Mbuzi." Ting! "Mbuzi." Ting!

Bibi akakaa kitako. Alikasirika mpaka kucha za miguu.

"We Zuwena! Zima hicho, ulale!"

Mama akaja mbio, akasimama mlangoni.

Zuwena akatoa kichwa nje ya shuka. "Bibi," akasema, "umenigombeza."

Bibi akajiziba mdomo kwa mkono. Kisha akacheka, mabega yakamtikisika.

"Zu... Zuwena," akasema tena, polepole. "Zuwena."

Zuwena akakizima kishikwambi. Akajifunika shuka mpaka shingoni, akafumba macho kama alivyoambiwa.

Watoto wengi wa Wete waligombezwa usiku ule. Aliyelala anacheka ni mmoja tu.