Bitana ya Kila Mwezi

Ilikuwa mwaka 1994, majira ya baridi. Fundi, mshonaji wa nguo, alikuwa na makoti kumi na mawili ya walinzi wa ghala, na yote yalihitaji kushonewa bitana nzito kwa ndani. Aliishi katika nyumba ya vyumba viwili pamoja na mume wake, dereva wa lori, na mama mkwe wake. Majirani walimwita mama huyo Bi Darubini, kwa kuwa hakuna kilichompita.

Kila mwezi Bi Darubini aliitazama kamba ya nguo uani. Alipoona vitambaa vya hedhi vimeanikwa, alijua hakuna mimba. Mwezi ule havikuanikwa. Wiki ya tano tangu hedhi ya mwisho ikapita. Wiki ya sita ilipoanza, aliufungua mkanda wa cherehani, akaufungia kabatini mwake.

"Mama, makoti ya watu!" Fundi alisema.

"Yatangoja. Kukanyaga cherehani kutamdhuru mjukuu wangu."

"Lakini sijapima, mama. Huenda si mimba."

"Mimi nimezaa watano. Unanifundisha?"

Dereva alikuwa safarini, na Fundi hakuwa na wa kumtetea. Lakini makoti yalikuwa na siku yake ya kukabidhiwa. Kila mama mkwe alipokwenda sokoni, Fundi aliyabeba hadi kwa jirani yake, msusi, akashona kwa cherehani ya kuazima.

Siku ya tatu, akiwa anakanyaga, tumbo lilimkata. Damu ilitoka nyingi, tena yenye mabonge. Alirudi nyumbani, msusi akimshika mkono na kumbebea makoti.

Bi Darubini alikutana nao mlangoni. Aliiona damu. Akayaona na makoti.

"Kumbe ulikuwa ukishona kwa siri! Umemuua mjukuu wangu kwa ajili ya makoti! Jumamosi mwanangu akirudi, atayasikia yote."

Fundi aliingia ndani akajilaza. Aliamini kwamba ni kweli.

Kesho yake damu haikupungua. Fundi aliposimama alihisi kizunguzungu, akashika ukuta.

"Bi Darubini, ugomvi uweke kiporo," msusi alisema. "Mtoto wa watu midomo imempauka."

Bi Darubini alivaa viatu. Alimshika mkwe wake kiunoni, wakaenda zahanati.

Mkunga wa zahanati alimpima Fundi mapigo ya moyo, damu na mkojo. Kisha akaketi.

"Hakuna mimba, wala sioni dalili ya mimba iliyoharibika. Mimba ikiharibika, kipimo huendelea kuionyesha kwa siku kadhaa. Nani aliwaambia kuna mimba?"

"Kamba ya nguo," Bi Darubini alijibu kwa sauti ndogo.

"Kamba haipimi mimba, mama."

"Basi damu yote hii inatoka wapi?"

Mkunga aliligusa koti alilovaa Fundi. "Koti hili lina bitana. Mji wa mimba nao una utando kwa ndani, kama bitana. Tofauti ni kwamba mwili huutengeneza upya kila mwezi. Hedhi ikiisha, utando huwa mwembamba. Kisha homoni, yaani kichocheo cha mwili, kutoka kwenye ovari, vifuko vya mayai, huufanya unenepe. Katikati ya mzunguko, yai hupevuka na kutoka. Hapo homoni ya pili huuandaa utando upokee mimba. Mimba isipotunga, homoni hizo hushuka. Utando humomonyoka na kutoka pamoja na damu. Hiyo ndiyo hedhi."

"Na mimi?" Fundi aliuliza.

"Inaelekea mara hii yai halikutoka. Hutokea, hasa mtu akiwa na wasiwasi mwingi. Yai lisipotoka, homoni ya pili hukosekana. Utando uliendelea kunenepa wiki baada ya wiki. Ulipomomonyoka, ukatoka mwingi."

"Kwa hiyo cherehani..."

"Cherehani haina kosa."

Fundi aliangua kilio. Bi Darubini aliitazama sakafu.

Mkunga alitoa dawa ya kupunguza utokaji wa damu na vidonge vya kuongeza damu. "Kitambaa kikilowa chapachapa kila saa, au kizunguzungu kikizidi, rudini mara moja. Damu ikipita siku saba, au hali hii ikijirudia, njooni tuchunguze. Na hedhi ikichelewa tena, pima. Msikisie."

Jumamosi damu ilikuwa imepungua sana. Dereva aliporudi, alimkuta msusi sebuleni. Bi Darubini ndiye aliyemwita.

"Mwanangu," alimwambia dereva, "nilimwambia mkeo kwamba amemuua mjukuu wangu. Nilisema mbele ya jirani huyu, na mbele yake nasema: nilikosea, hakukuwa na mimba." Akamgeukia Fundi. "Nisamehe, mwanangu."

"Nimekusamehe, mama."

"Leo darubini imefutwa vumbi," msusi alinong'ona.

"Nimekusikia," Bi Darubini alisema.

Alifungua kabati, akautoa mkanda. Alipiga magoti mbele ya cherehani, akauvisha kwenye gurudumu kwa mikono yake mwenyewe.

"Mama, umeupinda," Fundi alisema.

"Basi nielekeze."

Fundi aliinama, akamwelekeza. Gurudumu likazunguka.