Mzee Amekosea Namba

“Methu, na huyu dada ni nani?”

Aliyeuliza ni Janeth. Tulikuwa bandarini Lupingu, meli imeshafunga kamba, watu wanapandisha magunia na kuku. Nyuma yangu alisimama Emilia, kapu la chakula kichwani. Alikuwa ameamka alfajiri kupika wali na kuku wa kienyeji wa kutosha watu sita. Miguuni alivaa raba nyeupe mpya alizonunua Makambako kwa ajili ya safari ile.

Nilitakiwa kujibu maneno mawili tu. Mchumba wangu. Mahari ilikuwa inapangwa, posa ilikuwa Jumamosi inayofuata. Lakini nilimtazama Janeth na miwani yake, nikamtazama Emilia na vidole vyake vyenye makovu ya kisu, ulimi wangu ukateleza.

“Huyu ni Emilia,” nikasema. “Anatusaidia mambo ya mapishi.”

Mpaka leo nikikumbuka sentensi ile, uso unanipata moto.

Emilia alilitua kapu. Akanitazama mara moja, si kwa hasira; alinitazama kama mtu anayesoma kibao kuhakikisha hajapotea njia. Kisha akawageukia wenzangu.

“Shikamooni. Karibuni sana,” akasema. “Dada, lete mzigo wako nikubebee.”

Akalichukua begi la Janeth, akapanda meli.

Naitwa Methusela. Ni afisa kilimo Makambako. Safari ile ilipangwa kwenye kundi letu la WhatsApp, sisi tuliosoma pamoja chuo Morogoro. Ronald ndiye aliyeanzisha: “Jamani kila mwaka Zanzibar. Mwaka huu tukapande meli Ziwa Nyasa, siku tatu tu, Methu ndiye mwenyeji wetu.” Alikuja yeye na mkewe Erica, na Shadrack, na Janeth.

Janeth huyo nilimfuatilia chuoni miaka miwili. Siku moja mbele ya watu akanijibu kwamba hawezi kuishi na mwanamume anayenuka viazi. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Miaka kumi imepita, nina kazi yangu, nina nyumba yangu, lakini nilipomwona anashuka garini nilijisikia tena kama yule kijana aliyechekwa.

Emilia aliishia kidato cha pili. Ana kitalu cha parachichi kwao, kijiji cha Yakobi. Kazi yake ni kubebesha miche, kuunganisha kikonyo cha mti wa kisasa kwenye mche wa kienyeji, na mikono yake haikosi. Nilikwenda pale mara ya kwanza na mafunzo yangu ya chuo, nikaondoka nimefundishwa. Nikarudi tena, na tena, mpaka baba yake, Mzee Yosefu, akaniuliza kama nakuja kuangalia miche au kuangalia mwenye miche.

Nilipomwalika safarini alisita.

“Wenzako wana digrii, Methu. Mimi nitaongea nao nini?”

“Ongea chochote. Wewe ni wangu, inatosha.”

Ndivyo nilivyomwambia. Siku nne kabla.

Meli ilipong’oa nanga nilimfuata kwenye ngazi.

“Emi, nisikilize.”

“Nakusikiliza, bosi.”

“Usiniite hivyo.”

“Nikuiteje? Mpishi anamwitaje mwenye safari?”

“Imenitoka tu. Nitawaambia.”

“Lini?”

Juu huko Ronald akaniita, “Methu, njoo upige picha!” Nikapanda. Nilimwacha kwenye ngazi, nikapanda.

Kwa aliyepumzika, ile ilikuwa safari nzuri. Milima ya Livingstone upande mmoja, maji ya bluu upande mwingine, upepo wa joto ambao mtu wa Njombe anausikia kama zawadi. Mimi sikuona kitu. Nilimwona Emilia akipakua chakula. Alimnawisha kila mtu mikono, na mimi pia, maji yakichuruzika polepole kwenye vidole vyangu. Akala wa mwisho, kwenye ngazi, sahani magotini.

“Methu,” Erica akasema huku anafyonza mfupa, “huyu dada umempata wapi? Mimi nitamwiba nikakae naye Dodoma, anisaidie na watoto.”

Wote wakacheka. Na mimi nikacheka.

Janeth akauliza mbona miche ya parachichi ya mama yake huko Tukuyu inakauka baada ya kubebeshwa. Nikamjibu kwa sauti ya kitaalamu: kisu kisafishwe, kikonyo kikatwe asubuhi, na utepe usikazwe sana, mche nao unapumua. Yalikuwa maneno ya Emilia, neno kwa neno. Naye alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, anafuta sufuria.

“Kweli wewe ni mtaalamu,” Janeth akasema.

Nilichukua simu nikamwandikia: “Emi nakuomba sana, tukifika Mbamba Bay tuongee.”

Jibu likaja hapohapo: “Vyombo bado bosi.”

Mbamba Bay tulilala nyumba ya wageni. Emilia aliomba chumba cha nyuma, karibu na jiko, na mama mwenye nyumba akampenda papo hapo. Asubuhi nikawakuta wanachambua mboga pamoja. Aliponiona alisimama, akafuta mikono kwenye kanga, akasema, “Bosi, chai yako iko mezani.” Yule mama akanitazama kwa heshima. Nikatamani ardhi ipasuke.

Unajua, kila saa iliyopita ilifanya jambo lizidi kuwa gumu. Ningesema palepale bandarini ingekuwa utani mbaya. Ningesema melini ingekuwa aibu. Sasa ilikuwa siku ya pili, na nilijiambia kwamba siku moja tu imebaki, tukirudi nitamwomba radhi, yataisha. Kumbe ndivyo mtu anavyozama, kwa kujiambia siku moja tu.

Mchana tulikuwa ufukweni. Samaki aina ya mbasa wako juu ya mkaa, Emilia anawageuza. Muziki unapiga kwenye spika ndogo ya Shadrack, na spika imeunganishwa na simu yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na nyimbo.

Ghafla muziki ukakatika. Spika ikaita mara mbili. Shadrack alikuwa karibu na simu, akadhani anarudisha wimbo. Akabonyeza.

“Halo! Mkwe!”

Sauti ya Mzee Yosefu ikajaa ufukwe mzima.

“Mkwe, kamwene! Mmevuka salama huko? Hapa Yakobi baridi imetukamata. Mwambie binti yangu mama yake anamsalimu. Na habari za Jumamosi wazee wote wameshapewa, tunawasubiri ninyi tu!”

Emilia aliacha kugeuza samaki.

“Mkwe?” Ronald akaruka kutoka kwenye kiti, anacheka. “Methu! Umechumbia na hutuambii? Binti gani huyo, mbona umemficha?”

“Halo?” Mzee akaita. “Mkwe, unanisikia?”

Kila mtu alinitazama. Kinywa changu kilikuwa wazi, na neno halikutoka. Nasema kweli mbele ya Mungu, halikutoka.

Ndipo Emilia aliponyanyuka kwenye mkaa. Sauti yake ilikuwa tulivu kabisa.

“Mzee amekosea namba,” akasema. “Kata tu, bosi.”

Amemkana baba yake. Baba mzee wa kanisa, aliyemsomesha kwa kuuza viazi mpaka uwezo ukaisha, amemkana mbele ya watu, kwa ajili yangu.

Nikaikwapua simu.

“Baba! Hujakosea! Baba, ni mimi, niko na Emilia hapa!”

Simu ilikuwa imeshakatwa. Upande wa pili.

Nikasimama pale mchangani, simu mkononi.

“Hajakosea namba,” nikawaambia wenzangu. “Ni baba yake. Emilia si mpishi. Ni mchumba wangu. Jumamosi naenda kumposa. Niliona aibu kuwaambia, kwa sababu hana digrii, kwa sababu mikono yake ni ya kazi. Na yale ya miche niliyowaeleza jana, yeye ndiye aliyenifundisha.”

Hakuna aliyecheka. Erica alisimama taratibu, akaenda kumpokea Emilia koleo la samaki.

“Mdogo wangu,” akasema, na macho yake yamejaa machozi, “nisamehe. Nilisema nitakuiba ukanilelee watoto.”

“Hukujua, dada,” Emilia akajibu.

Janeth alivua miwani. Nilidhani atanicheka. Heri angenicheka.

“Methu, miaka kumi nimebeba aibu ya neno nililokuambia chuoni. Nimekuja safari hii nikuombe radhi, nilikuwa natafuta nafasi tu. Kumbe wewe lile neno umelitunza. Umelitunza vizuri, ukamvalisha mwenzako.”

Emilia akafungua kanga aliyojifunga kiunoni, akaikunja.

“Kuleni samaki, watapoa,” akasema, akaondoka kuelekea nyumba ya wageni.

Siku ya kurudi hakukaa nasi. Alikaa chini pamoja na akina mama wa dagaa. Nilishuka mara tatu, na mara tatu yule mama aliyekaa kando yake akaniambia, “Kaka, amesema amelala.” Macho ya Emilia yalikuwa wazi. Lupingu alipanda gari la abiria la Ludewa. Raba zake zilikuwa zimechafuka masizi ya mkaa.

*

Posa ya Jumamosi haikuwapo. Nilikwenda Yakobi siku hiyohiyo, lakini nilikwenda na mshenga wangu tu, Mzee Ezekia, bila zawadi, bila ndugu.

Mzee Yosefu alitupokea. Tukakaa sebuleni. Mlango wa ndani ulikuwa umerudishiwa nusu.

“Mimi sauti ya mwanangu naijua,” akaanza, hata kabla ya chai. “Nilikuwa shambani. Nikasikia mtu anasema mzee amekosea namba. Nikaitazama simu. Namba ni yako. Sauti ni ya Emilia. Nikakaa kwenye tuta, nikajiuliza nimemkosea nini mtoto huyu.”

“Baba, hukumkosea.”

“Nimemuuliza, hasemi. Analia tu. Sasa nakuuliza wewe. Ulimfanya nini mwanangu mpaka akanikana?”

Mzee Ezekia alikohoa, kunionya nipambe maneno. Sikuyapamba. Nilieleza kila kitu, kuanzia bandarini. Kapu. Begi la Janeth. Maji ya kunawa. Kicheko changu. Nilipofika kwenye kicheko nililia mbele ya wazee wale kama mtoto.

Mzee Yosefu hakupandisha sauti.

“Ungekuja kuniambia ulimpiga, ningejua la kufanya,” akasema. “Hili sijui nilifanyie nini. Nendeni nyumbani. Mlango huu ukifunguliwa, atakayeufungua ni yeye, si mimi.”

Tulipotoka nilimwona Emilia kitaluni, amenipa mgongo. Hakugeuka.

Miezi miwili ikapita. Kila Jumapili jioni nilimwandikia ujumbe mmoja, sikuomba chochote, nilimweleza tu wiki yangu. Wakulima wa Makambako waliponiuliza habari za miche, niliwaambia waende Yakobi kwa Emilia binti Yosefu, yeye ndiye anayejua, na mimi nimesoma kwake. Wengine walishangaa. Mkuu wangu wa kazi aliniuliza, “Sasa wewe ofisini tunakuweka kwa nini?” Niliona aibu, lakini ile ilikuwa aibu ya kuweza kuibeba.

Jumatano moja mchana simu ikalia. Ujumbe.

“Njoo Jumapili baada ya ibada. Nina neno.”

Nilimkuta kitaluni, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akanionyesha ndoo nyingine. Nikakaa.

“Watu wote wanasema nilikulinda,” akaanza. “Erica kanipigia, kasema ninakupenda sana ndiyo maana nikamkana baba ili nikufichie aibu. Mama naye kasema hivyo. Na wewe unaamini hivyo?”

“Ndiyo, Emi. Na inaniua.”

“Basi si kweli.”

Nikamtazama.

“Sikukulinda wewe, Methu. Nilijilinda mimi. Baba alipoita mkwe, wote wakakugeukia, na wewe umekaa mdomo wazi kama samaki. Nikaona watajua sasa hivi kwamba yule mwanamume ni wangu. Kwamba nimezunguka dunia yote nikachagua yule. Nikaona aibu.” Sauti yake ikatetemeka kwa mara ya kwanza. “Nilikuonea aibu, kama wewe ulivyonionea mimi. Nikamtupa baba ili nisionekane nina mtu kama wewe. Nimeshamwambia na baba. Nimepiga magoti nimemwomba radhi.”

Kwa miezi miwili nilijiona mkosaji anayependwa mno. Kumbe nilikuwa mkosaji tu.

“Baba alisema nini?” nikauliza.

“Alicheka. Akasema, basi mmefanana, mnaweza kuoana.”

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Yeye akacheka kidogo, akafuta machozi kwa kiganja.

“Emi, na sasa? Bado unanionea aibu?”

Alifikiri. Hakunijibu haraka ili kunifurahisha.

“Wiki iliyopita alikuja mkulima mmoja kutoka Makambako,” akasema. “Mzee, kavaa koti. Akaniuliza, wewe ndiye mwalimu wa yule afisa kilimo? Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza, na ni nani yako?”

“Ukamjibu nini?”

“Nikamwambia ni mchumba wangu. Lilitoka lenyewe. Baada ya hapo nikasubiri aibu ije, haikuja.”

Akasimama, akapangusa udongo kwenye sketi yake.

“Mwambie Mzee Ezekia aje Jumamosi. Na safari hii aje na ndugu zako wote, na wale wa melini pia. Nataka waje nyumbani kwetu.”

Walikuja. Ronald, Erica, Shadrack, na Janeth ambaye alisafiri siku nzima. Tulifunga ndoa mwezi wa nane katika usharika wa Yakobi, ukungu umefunika mpaka mlango wa kanisa. Wakati wa chakula Emilia alikaa kwenye kiti cha mbele, gauni jeupe, mikono yake ileile mezani, na Janeth akapita na birika na beseni akimnawisha. Mimi nilikuwa kando yake. Alipomaliza kunawa alinisogezea beseni.

“Nawa, mume wangu,” akasema kwa sauti, watu wote wakasikia.

Nikanawa. Niliinamisha kichwa muda wote huo, maana sikutaka watu waone macho yangu.