Utabiri wa Mbamba Bay

Kila asubuhi kabla ya kengele ya mstarini, Walburga wa darasa la saba aliingia chumba cha kompyuta cha shule yao pale Mbinga, akaiendesha programu aliyoiandika mwenyewe. Ilikuwa fupi, mistari kumi na minane tu. Iliiomba tovuti moja utabiri wa hali ya hewa, tovuti ikajibu kwa namba, na programu ikazigeuza namba hizo kuwa maneno: jua, mawingu au mvua. Walburga aliyachapa, akaibandika karatasi getini. Wazazi walisimama kusoma, wengine wakamwita Bibi Mvua. Sifa, jamani, zilimkolea!

Alhamisi moja mwishoni mwa Mei aligundua jambo lililomkata maini. Latitudo na longitudo alizoziandika kwenye programu hazikuwa za Mbinga. Alizinakili kutoka kwenye mfano wa Mwalimu Egidi, mwalimu wao wa kompyuta, na mwalimu huyo, ambaye kwao ni Mbamba Bay, alikuwa ameweka namba za nyumbani kwao. Lo! Wiki mbili nzima watu wa milimani walikuwa wakisoma hali ya hewa ya kule chini ziwani. Kwa bahati siku hizo huku nako hakukunyesha, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka.

Namba za Mbinga hakuzijua. Ilibidi amwulize mwalimu, na mwalimu angetaka kujua kosa lilianza lini. Aibu ikamshika. "Nitamwambia Jumatatu," akajisemea.

Alipotoka shule, jirani yao Mama Serafina alimsimamisha njiani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karatasi yako inasemaje kesho? Nakwenda msibani kijiji cha Ukata, nitarudi Jumapili. Kahawa yangu yote iko kwenye vichanja. Niiache wazi ipate jua, au nimwombe rafiki yangu Tereza aje kuifunika turubai?"

Ukweli ulimfika Walburga kooni, akaumeza. "Iache tu, mama. Kesho ni jua."

Ijumaa saa nane mchana mvua ikaanza kupiga bati za darasa. Walburga hakuomba hata ruhusa. Alitoka mbio, akapanda kilima akiteleza kwenye matope, akalivuta turubai peke yake huku akilia. Alikuwa amechelewa. Kahawa ilikuwa imelowa chapachapa, na jua halikuonekana tena hadi Jumapili.

Mama Serafina aliporudi, alichota punje kiganjani, akazinusa. Zilishaanza kunuka uvundo. Kahawa hiyo ndiyo aliyoitegemea kubadilisha bati za nyumba yake zinazovuja.

"Mama, nisamehe," Walburga alisema. "Utabiri ule ulikuwa wa Mbamba Bay. Nilijua tangu Alhamisi."

"Ulijua? Ukanitazama usoni, ukaniambia niiache?" Mama Serafina hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomuuma Walburga zaidi. "Ungesema hujui, mwanangu, ningemwita Tereza."

Jumatatu Walburga alikiri mbele ya shule nzima. Kisha Mwalimu Egidi akakaa naye kwenye kompyuta, wakazibadilisha namba zile mbili. Kazi yenyewe haikuchukua hata dakika tano.

"Na mimi nina kosa, sikuikagua kazi yako," mwalimu alisema. "Lakini kompyuta haikumdanganya mtu. Iliulizwa habari za Mbamba Bay, ikajibu za Mbamba Bay. Mama Serafina alikuuliza wewe. Kukosea tunakosea sote. Ukishajua umekosea, sema saa hiyohiyo, maana kuna mtu anakutegemea."

Wiki ile yote, baada ya masomo, Walburga alikwenda kuchambua punje zilizoharibika. Zilizotupwa zilikuwa nyingi kuliko zilizobaki, na kila alipolitazama lile lundo roho ilimsuta.

"Bati zitasubiri mwakani," Mama Serafina alisema siku ya mwisho. "Haya, kesho kunasemaje?"

Walburga aliinamisha kichwa. "Karatasi inasema jua, mama. Na safari hii ni ya hapa hapa Mbinga. Ila sina hakika kabisa."

"Hapo sasa umenijibu," Mama Serafina alisema, akainuka kwenda kulichukua turubai.