Nilimwita Kaka Yangu Adui

Nina umri wa miaka arobaini na mbili, mjane, muuza sambusa hapa Malukhu, Mbale. Juzi nimepata cheti cha shule ya jioni ya watu wazima, nikakitembeza mtaa mzima. Hata mbuzi wa jirani amekisoma! Lakini watu husema Zaituni hana machozi, na hilo ni kweli. Yalikauka wakati wa vita vya mwaka sabini na tisa... na aliyeyakausha ni mimi mwenyewe.

Wakati ule niliishi Mpumudde, Jinja, na kaka yangu Yusufu, fundi baiskeli. Baba alikuwa amefariki, mama yuko Mbale kwa mjomba. Nilikuwa nikiwauzia askari wa kambi ya Kimaka sambusa zenye pilipili ya kumfufua maiti. Wenzangu walikiogopa Kiswahili, wakikiita lugha ya bunduki, maana ndicho walichosema askari. Mimi nilikifanyia mzaha! Askari akiuliza swali kali, namjibu uongo mkubwa kama nyumba, anacheka, napita. Nilijiona nina dawa ya kila mwenye bunduki.

Vita vilipokaribia tukaamua kwenda kwa mama. Tuliondoka asubuhi, Yusufu akiendesha baiskeli, mimi nyuma na kikapu. Nje ya mji tukakuta kizuizi. Askari walikuwa wageni, macho mekundu, hawamjui Zaituni wala sambusa zake.

"Wewe, huyu mutu ni nani yako?" mmoja akaniuliza.

Kaka yangu. Kuna neno rahisi kuliko hilo? Lakini ulimi ukakimbilia dawa yake.

"Huyu, afande? Huyu ni adui mkubwa! Amemaliza chakula chote nyumbani!"

Hakucheka mtu.

"Adui? Adui iko hapa?"

Wakamvuta Yusufu chini. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, maskini. "Afande, huyu dada yangu! Nachekesha tu! Zaituni, waambie!"

Nilifungua mdomo niwaambie... kikatoka kicheko. Nawaapia, sikuona cha kuchekesha! Kilitoka chenyewe, kama maji ya bomba lililopasuka. Yusufu alivyozidi kunitazama ndivyo nilivyozidi kucheka. Yule askari akasema, "Unaona? Hata yeye nacheka." Wakampeleka nyuma ya lori lao, mimi wakanifukuza. Sikumwona tena.

Nilisukuma baiskeli mpaka Mbale kwa siku tatu. Nikiwasimulia wateja, siku hizo huwa saba. Mama nilimwambia askari wamemchukua, basi. Akauliza, mwanangu alisema nini mwisho? Nikajibu, amekusalimia.

Vita vikaisha, vikaja vingine, navyo vikaisha. Maduka yakafunguliwa, nikaolewa, nikafiwa na mume. Kwenye maziko yake niliwachekesha hata wachimba kaburi. Watu wakasifu, Zaituni jasiri! Ujasiri gani? Nilikuwa kama jino lililodungwa sindano ya ganzi. Unaligonga, halisemi kitu.

Ndipo mwalimu wa shule ya jioni akatupa kichwa cha insha, "Siku Nisiyoisahau". Niliandika habari ya kizuizi, nikaisoma kwa mbwembwe, darasa likavunjika mbavu. Nilipofika kwenye lori wote wakanyamaza. Nikabaki nacheka peke yangu.

Mwalimu akaniita pembeni. "Bi Zaituni, hicho ni kicheko cha woga. Mama yako anajua?"

Kesho yake nilimkuta mama anachambua mchele. Nikamweleza yote: neno adui, kicheko, na ile salamu ya uongo. Aliendelea kutoa vijiwe kwa muda mrefu... kisha mikono ikasimama.

"Mwanangu," akasema, "nilitaka mtu wa kulia naye. Wewe miaka yote hii unaniletea vichekesho."

Akalia. Nikashika ungo mchele usimwagike. Nilikamua macho, nikajifinya paja... hakuna hata tone.

Ndugu zangu mnaosoma, mimi sikuandika ili mnihurumie. Ukiulizwa jambo zito, jibu kwa uzito! Na kama umeficha neno la msiba, mpe mwenye msiba angali hai, hata kama litamuumiza. Yule mcheshi wa mtaani kwenu, anayewavunja mbavu kila siku, je, mmewahi kumuuliza anaogopa nini?

Siku hizi, kila Ijumaa, mama huniuliza upya, "Yusufu alisema nini?"

Nami humjibu kweli. "Alisema, huyu dada yangu."

Nikifika hapo kicheko hakitoki. Mama huniwekea mkono mgongoni, akayangoja machozi.