Gauni la Inchi Ishirini na Sita

"Nimesema sivai." Gauni la njano likamtoka fundi cherehani mkononi na kutua juu ya kitanda cha hoteli.

"Sindano, mpenzi, ni picha moja tu. Pale mwambani, saa tisa kamili, jua likiwa upande wa kushoto."

"Kwenye mwamba huo ulishapiga picha. Nimeiona."

Mpima ardhi, mpenzi wake, akajiweka sawa kola. Alikuwa amevaa kaptura ya kitani iliyopigwa pasi mpaka mkunjo ukasimama kama ukuta, na shati jeupe lililofungwa kifungo cha juu. Mkononi alishika ratiba ya wiki nzima, aliyoichapa ofisini kwake na kuifunika plastiki isilowe maji ya bahari. Siku ya kwanza, ufuo wa kaskazini. Siku ya pili, ngome. Siku ya tatu, wasuka mikeka. Leo ilikuwa ya sita, na mbele yake pameandikwa neno moja tu: mwamba. Fundi alijua maana yake. Kisanduku cha pete alikuwa amekigusa juzi, alipokuwa akitafuta dawa ya meno kwenye mkoba wa mwenzake, na tangu hapo alikuwa akitembea kama mtu aliyebeba yai mdomoni.

Walikutana miezi minane nyuma katika duka la vitambaa, mwisho wa mwezi, watu wakisukumana kwa viwiko. Fundi na mwanamume mrefu asiyemjua wakashika jora moja jekundu.

"Dada, unashona nini chekundu namna hii?"

"Bitana. Na wewe, kaka?"

"Bendera za kufunga kwenye vigingi. Napima ardhi."

"Basi wewe pima viwanja, mimi nipime viuno. Tusiingiliane mipaka."

Mwezi haukwisha mipaka ikaingiliwa. Mwanamume akawa Futi, naye fundi akawa Sindano. Simu zao za jioni zilimkera msaidizi wa fundi kazini hadi akaweka pamba masikioni.

Wiki tatu kabla ya safari, Futi alimletea kitambaa cha njano, mchoro wa gauni lenye vifungo saba mgongoni, na karatasi ya vipimo. Alimwomba asijipime, afuate karatasi tu, kwa kuwa vipimo hivyo amevichukua kwa macho. Kiuno, inchi ishirini na sita. Fundi alicheka peke yake mbele ya cherehani. Kiuno chake kilikuwa thelathini na mbili, na hakikuwa na mpango wa kurudi nyuma. Mpima gani huyu anayekosea inchi sita? Akaona ndiyo mapenzi hayo, kwamba mwanamume anamwona mwembamba. Akashona kama alivyoagizwa, halafu akafumua ubavuni na kuongeza kipande kila upande. Alishona vizuri hata jicho la mteja mkorofi lisingegundua.

Leo, baada ya chakula cha mchana, alisimama kwenye ukumbi wa hoteli kutazama picha za wageni zilizobandikwa ukutani. Picha ya tatu kutoka dirishani ilikuwa ya Futi, akiwa amekaa mwambani. Pembeni yake dada mmoja amegeuza mgongo, vifungo saba, gauni la njano. Fundi hakuhitaji futi ya kupimia. Alikisoma kile kiuno kwa jicho kama mtu anavyosoma jina lake: inchi ishirini na sita.

"Ni nani?" aliuliza sasa.

Futi alianza kusema kwamba ni mambo ya zamani. Kabla hajafika mbali, simu ya fundi ikalia. Wifi yake mtarajiwa, dada yake Futi, hakuwa mtu wa kusubiri salamu, na sauti yake ilijaa chumba.

"Wifi, ameshakuvisha pete? Mama keshapaka nyumba rangi, mwenzio nimekata na mapazia. Tafadhali, usituaibishe siku ya sita kama yule mwenzako. Kaka alirudi huku kama kuku aliyemwagiwa maji. Wewe una mwili wa kutulia, wewe huwezi kukimbia."

Fundi alimshukuru kwa heshima, akakata simu. Mama yake mwenyewe alimwagiza asubuhi ile asirudi na makombe ya baharini tu. Ana miaka thelathini na minne, alimkumbusha, na makombe hayazai.

"Kumbe hapa ndipo alipokuacha."

"Sikiliza, Sindano." Futi alikaa ukingoni mwa kitanda, akalisogeza gauni asilikalie. "Mimi kazini sianzi upya pale penye alama. Nikikuta kigingi cha zamani, narudi pale pale, napima tena, narekebisha kosa. Nilitaka wiki ile iishe vizuri. Iishe na wewe."

Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomkata fundi. Mtu huyu hakuona ubaya wowote. Alikuwa akieleza kazi yake.

"Nipe pete."

Futi akafungua kisanduku haraka, uso umemng'aa. Pete ikateleza vizuri mpaka kwenye kifundo cha kidole, ikagoma. Fundi akaisukuma mara moja, akaiacha hapo, wote wawili wakiitazama.

"Itapanuliwa," alisema Futi.

"Kama gauni."

Akaivua, akairudisha kisandukuni. Kisha akatoa mkasi mdogo ambao hasafiri bila huo, akalivuta gauni mapajani. Akafumua ubavu wa kwanza, akafumua wa pili. Vile vipande viwili alivyoongeza akavitia mfukoni mwake. Gauni akalitandaza kitandani, jembamba, limerudi kwa mwenyewe.

"Alisema nini alipoondoka?"

"Hakusema kitu. Alichukua mkoba akaenda kupanda boti ya saa nane." Futi akakifunga kisanduku. "Hilo ndilo lililoniua. Angalau angenitukana. Wewe nitukane, mpenzi. Sema chochote."

Fundi alikuwa na maneno mdomoni, na alikuwa mjuzi wa maneno. Wateja wa miaka kumi walikuwa mashahidi. Alitazama saa ya ukutani. Saa nane kasoro dakika kumi na tano. Akayameza yote, akavaa viatu, akabeba mkoba, akatoka.

Gatini mhudumu alimpokea mkoba na kumpa koti la kuokolea maisha. Futi alifika akihema, ratiba bado mkononi, akaita, "Sindano, neno moja tu." Kamba zikafunguliwa. Fundi akakaza mkanda wa koti kiunoni, ukamtosha, akakaa akimpa mgongo.